Kamera ya Rivasi: Kabla ya Kununua Mpya, Fuata Waya

Gari lililotumika Japani likitoka bandari ya Kilindini, Mombasa, huwa bado linazungumza Kijapani. Mwenyewe analiwasha, skrini inamsalimu kwa maandishi asiyoyajua, inamdai kadi ya ramani ambayo haipo tena, na redio inagota kwenye 90, kwa kuwa redio nyingi zilizotengenezewa soko la Japani huanza megahezi 76 na kuishia hapo, ilhali stesheni za Kenya zimejazana kati ya 88 na 108. Baada ya wiki mbili za kuendesha kimya kimya, anaamua kung'oa skrini ile na kufunga ya Android, pana na yenye kung'aa, kazi ambayo fundi mzoefu wa umeme wa magari huimaliza kabla ya alasiri. Jioni anatia gia ya rivasi ili aingie uani kwake, na pale palipokuwa na picha ya nyuma sasa pana weusi mtupu. Fundi akipigiwa simu hana maneno mengi: kamera ya zamani imekufa, leta pesa tuweke mpya ya HD.

Mara nyingi kamera ile haijafa. Imenyimwa umeme iliouzoea, au ishara yake imefika mahali ambapo hapana anayeifahamu. Tatizo ni kwamba neno "kuboresha" siku hizi linabebeshwa mambo matatu yasiyofanana: kurudisha picha iliyopotea, kuondoa ukungu kwenye picha iliyofifia, na kupata picha bora kuliko ile ya kiwandani. Kila moja lina dawa yake, na mwenye gari asiyejua anaugua lipi huuziwa zote tatu.

Kamera ya rivasi ni kitu kimoja kwa jina tu. Juu ya namba pleti ya nyuma kuna lenzi ndogo, pana kiasi cha punje ya dengu, na nyuma ya lenzi kuna sensa inayogeuza mwanga kuwa umeme. Kutoka hapo waya hupita ndani ya mlango wa buti, huingia kwenye mpira mweusi ulio karibu na bawaba, hutambaa kandokando ya dari au chini ya zulia, hutokeza nyuma ya dashibodi na kuishia kwenye skrini, ambayo nayo ina kazi mbili, kuisoma ishara na kuionyesha. Wakazi wa Mombasa hawahitaji mfano mrefu. Bomba likiwa limeziba Changamwe, kubadilisha mfereji wa bafuni Tudor hakuleti maji.

Nitaanzia mwisho wa safari hiyo, kwenye skrini, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Kamera za kiwandani zilizojaa katika magari yetu, zile zinazotuma ishara ya analogi ya kawaida, hutoa picha ya takriban pikseli (vidoto vinavyounda picha) 640 kwa 480. Kamera mpya inayouzwa kwa jina la HD hutoa pikseli 1280 kwa 720, ambazo ukizizidisha unapata mara tatu ya zile za kwanza. Mnunuzi akisikia mara tatu huona ameshamaliza hesabu. Lakini skrini nyingi za zamani za inchi 7, na baadhi ya skrini za Android za bei ya chini, zina pikseli 800 kwa 480 tu, kwa hiyo picha ya 1280 ikifika pale hukatwa ukubwa ili ienee. Zaidi ya hayo, kamera hizi hutangazwa kwa upana wa pembe ambayo lenzi huiona, nyuzi 170, kana kwamba upana ni sifa isiyo na gharama.

Gharama yake inahesabika. Tuseme mtoto amesimama mita 3 nyuma ya bampa, na mwili wake una upana wa sentimita 30. Kutoka kwenye kamera, mtoto huyo anachukua chini kidogo ya nyuzi 6 za upana. Kamera ya kiwandani yenye lenzi ya nyuzi 130, ikizigawa pikseli zake 640 kwa nyuzi hizo, inampa mtoto pikseli 28 hivi. Kamera mpya ya nyuzi 170, yenye pikseli 1280, inampa 43, jambo ambalo ni la kheri. Lakini picha hiyo ikibanwa kwenye skrini ya pikseli 800, mtoto yule yule anabakiwa na 27, pungufu kwa moja kuliko kamera iliyotupwa. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu lenzi pana hazigawi picha sawasawa katikati na pembeni, lakini mwelekeo wake ni huo. Kamera hiyo hiyo ya 1280 ikiwa na lenzi ya nyuzi 140, na skrini ikiwa kweli na pikseli 1280 kwa 720, mtoto anapata pikseli 52, karibu mara mbili ya alizokuwa nazo. Huko ndiko kuboresha. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe juu ya pikseli za skrini, na muuzaji akijibu kwa inchi, arudishiwe swali lile lile.

Nimemchagua mtoto makusudi. Toyota ilianza kuweka kamera ya nyuma kwenye gari la Soarer mwaka 1991 kama anasa ya matajiri wa Japani, lakini kilichoifanya kuwa sharti huko Marekani ni vifo vya watoto. Sheria ya mwaka 2007 ya nchi hiyo inabeba jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka miwili aliyegongwa mwaka 2002 na gari la baba yake likirudi nyuma nyumbani kwao. Tangu Mei 1, 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa Marekani ni lazima lionyeshe eneo la nyuma lenye upana wa takriban mita 3 na urefu wa takriban mita 6, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kutia rivasi. Kipimo hicho cha sekunde 2 kinafaa kukumbukwa na sisi tunaofunga skrini za Android, kwa kuwa ziko zinazochukua nusu dakika kuamka asubuhi, na dereva mwenye haraka anakuwa ameshatoka getini kabla ya picha kuja.

Sasa umeme, ambao ndio huua kamera nyingi zilizokuwa nzima. Kamera ya kiwandani ya magari mengi ya Toyota ina waya nne: mbili za umeme na mbili za picha. Umeme wake hautoki kwenye betri moja kwa moja wala kwenye taa ya rivasi. Unatoka kwenye skrini ya kiwandani, nao ni takriban volti 6. Skrini hiyo ikiondolewa, chanzo hicho kinaondoka nayo, na kamera inabaki kipofu hata kama haina ila yoyote. Fundi asiyejua hilo huvuta umeme kutoka taa ya rivasi na kuunganisha. Betri ya gari ni ya volti 12, na injini ikiwaka umeme hupanda hadi karibu 14, yaani zaidi ya mara mbili ya kiasi ambacho kamera iliundiwa. Jirani yangu aliishuhudia kazi hiyo akiwa amekaa kiti cha mbele: picha ilitokea safi kabisa, fundi akatabasamu, na kabla soda haijaisha skrini ikawa nyeusi tena, safari hii kwa haki. Ndipo akaambiwa, "Unaona, mzee? Nilikwambia imekufa."

Kilichohitajika ni kipunguza umeme kidogo, kijisanduku kisichozidi kiberiti, cha kushusha volti 12 hadi 6, na plagi inayolingana na ile ya kiwandani ili waya zisikatwe. Kinyume chake nacho hutokea: kamera mpya ya volti 12 ikiunganishwa kwenye waya wa kiwandani wa volti 6 hutoa picha hafifu yenye kumetameta, au haiwaki kabisa, na mnunuzi hurudi dukani kugombana juu ya kitu kisicho na kosa. Kwa sababu hiyo fundi anayestahili kuaminiwa ni yule ambaye, kabla ya kukata waya wowote, anatoa mita yake, anagusa ncha mbili na kukusomea volti. Akitumia taa ya testa peke yake, mwombe mita, kwa kuwa taa hiyo huonyesha kuna umeme lakini haikuambii ni kiasi gani. Upo pia waya mmoja zaidi ambao skrini za Android huutaka, wa kuzijulisha kwamba gia ya rivasi imeingia, na huo kwa kawaida ndio unaopelekwa kwenye taa ya rivasi. Ukisahauliwa, kamera itakuwa nzima na skrini haitajua wakati wa kuionyesha.

Baada ya umeme kuna lugha ya picha. Ishara ya analogi iko ya aina mbili kubwa. NTSC, ambayo ndiyo ya Japani na Marekani, huchora picha ya mistari 525 kwa nusu-nusu, nusu 60 hivi kwa sekunde. PAL, ambayo televisheni zetu za zamani zilitumia, huchora picha ya mistari 625, nusu 50 kwa sekunde. Kamera ya aina moja ikiongea na skrini iliyopangwa kwa nyingine, picha huviringika kwenda juu, hupoteza rangi, au hukatwa chini. Skrini nyingi za Android huzifahamu zote mbili na unachagua kwenye mipangilio, lakini skrini ya kiwandani kutoka Japani kwa kawaida huelewa lugha ya kwao tu.

Kisha kuna AHD, yaani analogi ya HD, inayopitisha picha ya mistari 720 au hata 1080 katika waya ule ule wa analogi. Hapa ndipo penye mtego, kwani plagi inaingia vizuri, waya ni ule ule, na macho hayaoni tofauti yoyote. Kamera ya AHD ikipewa skrini isiyoijua AHD, utaona weusi, mistari ya mlalo, au kivuli cha picha kisicho na rangi. Baadhi ya kamera zina kitanzi kidogo cha waya ambacho ukikikata zinarudi kwenye ishara ya kawaida, na kingine cha kugeuza picha kulia na kushoto. Mgeuzo huo ni muhimu, kwa sababu kamera ya nyuma inapaswa kuonyesha kama kioo kinavyoonyesha, la sivyo tuktuk iliyo upande wako wa kushoto itatokea kulia kwa skrini, na mkono wako utazungusha usukani kuifuata. Soma karatasi iliyomo boksini kabla ya kukata kitanzi, maana hakirudi.

Magari yenye kamera nne yanayokuonyesha gari lako kana kwamba unalitazama kutoka juu ni habari nyingine kabisa. Mengi ya hayo, hasa mapya, hutuma ishara ya kidijitali kwa kompyuta maalumu inayoshona picha nne kuwa moja, na kila kamera ikibadilishwa mfumo hutakiwa kupimwa upya kwa alama zilizotandazwa sakafuni. Kamera ya kawaida ya dukani haina nafasi katika mfumo huo. Ushauri wangu kwa mwenye gari la aina hiyo ni mfupi: usiiguse, na ukilazimika, tafuta kamera ya aina ile ile iliyotoka kwenye gari la aina ile ile.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe. Gari langu ni la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, lile umbo ambalo Mombasa nzima hulipenda kwa sababu linabeba harusi na matanga. Msimu mmoja wa masika picha ilianza kukatika. Inakuja, inatetemeka, inapotea, na jua likitoka inarudi. Nikajiambia maji yameingia kwenye kamera. Nikanunua mpya, ikafungwa, nikaitupa ya zamani kwenye pipa la taka. Siku ya pili picha ikatetemeka vile vile. Fundi wa pili, mtu mzima mwenye maneno machache, hakuigusa kamera. Aliufungua mlango wa nyuma, akaushusha nusu, akaupandisha, akaniambia nitazame skrini. Kila mlango ulipofika kwenye pembe fulani picha ilikatika, na ulipopita pembe hiyo ikarudi. Akavuta ule mpira mweusi wa kwenye bawaba kama anayemenya ndizi, na ndani yake waya wa manjano ulikuwa umepasuka ganda, nyuzi zake za shaba zikiwa zimebaki mbili tatu, za rangi ya kijani. Mlango umefunguliwa maelfu ya mara tangu gari litoke kiwandani, na kila mara waya hukunjwa pale pale. Unyevu wa masika ulimalizia tu. Kazi yenyewe ilikuwa kipande cha waya laini, risasi ya kuchomelea na bomba la plastiki la kubana kwa moto. Kamera niliyoitupa ilikuwa nzima.

Ile rangi ya kijani inastahili neno lake, kwa kuwa mtu wa bara huenda asiione kwa miaka. Hewa yetu ina chumvi. Anayeegesha usiku Nyali au Likoni anaijua asubuhi kwenye kioo cha mbele, ukungu mwembamba unaonata kidoleni. Chumvi hiyo, pamoja na unyevu, huingia kwenye viungo vya waya vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe mweusi, na shaba huanza kuliwa. Kiungo kinachodumu mwaka Nairobi, hapa kinaweza kuanza kusumbua kabla ya hapo. Kila kiungo kilicho nje ya chumba cha gari kichomelewe kwa risasi na kufunikwa kwa bomba lenye gundi ndani, au kiwe plagi yenye mpira. Utepe mweusi peke yake, kwa joto la hapa, huyeyusha gundi yake na kuteleza.

Boksi la kamera huandikwa IP67, IP68 au IP69K. Tarakimu ya kwanza, 6, inasema vumbi haliingii. Ya pili inahusu maji: 7 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30, 8 ni kuzama zaidi ya hapo kwa masharti ya mtengenezaji, na 9K ni kuhimili mnyunyizo wa maji ya moto yenye nguvu kubwa kutoka karibu. Kwa gari linalooshwa kwa mashine ya presha kila Jumamosi, ile ya mwisho ndiyo inayofanana na maisha yake, maana kuzama mita moja ni jambo la nadra hata mvua inyeshe vipi, bali kijana wa kuosha magari kuelekeza mdomo wa mashine kwenye lenzi ni kila wiki. Hata hivyo, herufi hizo hazipimi chumvi wala jua. Lenzi ya plastiki huchakaa kwa jua na kupata mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga, ndiyo maana saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini nyuma ya gari, skrini nzima hugeuka kuwa maziwa. Kabla ya kuilaumu lenzi, ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kitambaa laini, kwani kamera nyingi "zilizofifia" huponea hapo. Tafadhali usitumie dawa ya meno. Inang'arisha taa za mbele kwa muda, ndiyo, lakini kwenye lenzi inakwangua utando wa juu na kuifanya iwe mbaya kuliko ulivyoikuta. Umande ukionekana ndani ya kioo, hapo kweli kamera imeshavuja, na kununua mpya ni halali.

Kamera zisizo na waya nitazipitia haraka. Jina lenyewe linapotosha, kwa sababu bado zinahitaji waya wa umeme nyuma, na picha husafiri hewani katika masafa yanayogombewa na Wi-Fi na Bluetooth ya simu. Nyingi pia huchelewesha picha. Gari likirudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa, husogea mita 1.4 kila sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji wa nusu sekunde ni sentimita 70 ambazo umeshazipita kabla hujaziona. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako baraza za nyumba zimekaribia njia na mkokoteni hutokea bila salamu, sentimita 70 ni nyingi mno.

Limebaki suala la mistari ya rangi. Katika magari mengi mistari inayopinda pamoja na usukani haichorwi na kamera. Huchorwa na skrini ya kiwandani kwa kusoma sensa ya usukani, nayo imepimwa kwa lenzi ile, kwa kimo kile, kwa mwinamo ule. Ukibadilisha kamera na kuiacha skrini, mistari inabaki na kiburi chake lakini haisemi kweli tena. Ukibadilisha skrini, mistari hiyo hupotea, na ile ya Android itapinda tu ikiwa kuna kijisanduku cha kusoma mawasiliano ya kompyuta za gari. Na ukiweka kamera yenye mistari yake kwenye skrini yenye mistari yake, utaona seti mbili zinazopishana, jambo linalochosha macho kuliko kukosa mistari kabisa. Izime ya kamera.

Kisha pima, usiku na mchana. Egesha gari mahali palipo sawa, chora kwa chaki mstari wa sentimita 50 kutoka bampa, mwingine wa mita 1 na mwingine wa mita 2, weka ndoo juu ya kila mstari, na urudi kwenye usukani kutazama. Kwenye gari langu, baada ya kamera mpya, mstari mwekundu ambao zamani ulimaanisha nusu mita sasa unaigusa ndoo ikiwa sentimita 34 tu kutoka bampa. Nimebandika kipande cha utepe mweupe pembeni mwa skrini, mahali ilipo nusu mita ya kweli, na mke wangu akiliazima gari humwonyesha kila anayepanda.